Kidole cha Mhasibu

MHASIBU: Kidole changu sikitoi. Nimesema tangu asubuhi, nasema tena Katibu akiwepo ili aandike. Kazi ya chama chetu cha akiba na mikopo nitaifanya, vitabu nitavifunga kila jioni, lakini kompyuta ya ofisi isifunguke kwa mwili wangu.

FUNDI: Dada, nani anautaka mwili wako? Ni kisomaji kidogo tu, kinachomekwa kwenye USB, hakizidi kifuniko cha soda. Tena afadhali kidole kuliko hiyo pasiwadi yenu, maana naijua hata mimi ninayekaa Bwera. Mwaka jana printa ilipogoma mlinitajia kwa simu. Nilikuwa kibandani kwangu, wateja wamenizunguka, nikairudia kwa sauti nisije nikakosea. Neno la kwanza ni jina la msichana, halafu mwaka.

MZEE: Usiitaje.

FUNDI: Siitaji, Mzee. Ila naona bado iko kwenye kikaratasi chini ya kibodi.

MZEE: Tuanzie hapo hapo. Mimi niko kamati ya usimamizi, nimechaguliwa na wanachama, na kila nikishuka njia wananiuliza habari ya shilingi 640,000 zilizotoka msimu wa kahawa. Kompyuta inaonyesha malipo yaliingizwa saa saba na dakika kumi mchana. Nikauliza, aliyeingiza ni nani? Ikanijibu: Ofisi. Sasa huyo Ofisi ni mtoto wa nani? Nimwite kikaoni aje ajieleze?

MHASIBU: Ofisi ni sisi watatu, Mzee wangu, na ulikuwepo tulipokubaliana hivyo. Mlisema jina moja litaturahisishia. Nikiwa na mtoto hospitali, karani anafungua. Karani akienda kuzika, keshia anafungua. Na kweli imeturahisishia. Hajawahi kushuka mwanachama kutoka juu kule, masaa mawili kwa miguu, akaambiwa rudi kesho, mwenye pasiwadi hayupo.

MZEE: Na mwizi naye imemrahisishia.

KATIBU: Neno ni nenosiri. Naandika nenosiri.

FUNDI: Andika upendavyo, Bwana Katibu, watu wote wanasema pasiwadi. Na msidhani dawa yake ni kila mmoja kuchagua neno lake. Sisi Wakonzo majina yetu mnayajua. Mtoto wa kwanza wa kiume Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka. Mabinti nao akina Masika, akina Biira, wanafuatana kama ngazi. Kila nyumba ina Baluku wake. Ukivuka mto Lhubiriha ukaingia Kasindi, upande wa Kongo, Wanande nao wana Paluku wao na Kambale wao. Jina linasema ulizaliwa wa ngapi, wewe ni nani haliwezi kusema. Mtu akitaka kubahatisha pasiwadi za ofisi za huku, achukue majina kumi, aongeze mwaka nyuma yake. Chai haijapoa, ameshaingia.

KATIBU: Kwenye daftari la wanachama nina akina Bwambale ishirini na mmoja. Nawatofautisha kwa kijiji, kisha kwa jina la baba. Wawili ilibidi niwaandike kwa majina ya wake zao.

MHASIBU: Na hujawahi kumlipa Bwambale mmoja pesa za mwingine, kwa sababu unawajua. Akiingia mlangoni unamjua kwa kikohozi. Hiyo mashine haimjui mtu.

MZEE: Haimjui, ndiyo maana haimwonei haya. Na mimi shida yangu ni haya. Mnakumbuka 2018, serikali na UNHCR walipowapitia wakimbizi upya, vidole na macho? Vitabu vilikuwa vinasema milioni 1.4. Kazi ilipoisha mwezi wa kumi, waliothibitishwa ni kama milioni 1.1. Miaka yote hiyo makarani walikuwa wanawaangalia watu usoni na kuandika. Ilipokuja mashine, hesabu ikajinyoosha.

MHASIBU: Hao laki tatu si wote walikuwa majina hewa, Mzee. Wako waliorudi kwao Kongo kimyakimya, wako ambao siku ya kuhesabiwa hawakufika. Mashine ilijua waliokuja mbele yake. Kwamba asiyekuja ni mwizi, hilo walilisema watu.

MZEE: Sawa. Lakini majina hewa yalikuwepo.

MHASIBU: Yalikuwepo, sikatai. Sasa Kaka Fundi, hebu tueleze kinavyowekwa, mpaka sasa unakisifia tu kama dawa ya mnadani.

FUNDI: Si kazi. Unachomeka kisomaji, Windows inakitambua. Isipokitambua unakitafutia programu yake ya kukiendesha. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, halafu njia za kuingilia. Hapo mashine inakudai kwanza PIN, tarakimu nne au zaidi. Ukishaweka PIN ndipo inakubali kidole. Unagusa, unainua. Unagusa, unainua. Ikishashiba katikati inataka na kingo, unalaza kidole upande huu, unalaza upande ule, kama mtu anayepima joto la uji. Ikitosheka inakuambia. Kesho yake asubuhi ukigusa, imefunguka.

MHASIBU: Rudi nyuma kidogo. Umesema kwanza PIN.

FUNDI: Lazima iwepo. Kidole kikikataa, utaingilia wapi?

MHASIBU: Kumbe mlango wa mbele ni kidole, wa nyuma tarakimu nne! Na siku mtoto akiugua, hizo tarakimu nampa nani? Karani. Karani ataziandika wapi? Chini ya kibodi. Tumezunguka mlima mzima tukaibukia palepale tulipotoka.

FUNDI: Hapana, Dada, hapo unachanganya. PIN ya Windows si pasiwadi. Inafungua boksi hilo moja tu. Mtu wa Kampala akiijua haimsaidii kitu, mpaka apande gari aje hapa Mahango akae kwenye kiti chako. Na akibahatisha ovyo, mashine yenye chipu ya ulinzi inajifunga. Halafu angalia jambo lingine. Pasiwadi ya huku haivunjwi na mtaalamu, inaibwa kwa macho. Mwanachama ameegemea dirisha lako anasubiri pesa ya ada, na wewe unaandika herufi moja moja kwa kidole kimoja. Amesoma yote. Ukiwa unaingia kwa kidole siku zote, hiyo PIN hakuna anayekuona ukiiandika.

MHASIBU: Umesema mashine yenye chipu ya ulinzi. Hii yetu inayo?

FUNDI: Hii... ni ya siku nyingi. Ilikuja ikiwa imeshatumika.

MHASIBU: Inayo au haina?

FUNDI: Haina ile inayotakiwa. Ndiyo sababu imebaki na Windows 10, ya 11 haikubali kuipanda. Na Windows 10, tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wameacha kuitengenezea viraka vya bure kama zamani.

MHASIBU: Kwa hiyo ni kufuli mpya kwenye mlango ulioliwa na mchwa.

FUNDI: Naweza kuwawekea Linux. Ni bure, na kidole inakubali. Ila si kila kisomaji inakijua, itabidi tuchague. Na msishangae mkishaingia kwa kidole bado ikaomba pasiwadi, maana kule kuna kisanduku inamohifadhi siri zake, na kisanduku hicho kimefungwa kwa pasiwadi yenyewe. Kidole hakikifungui.

KATIBU: Niandike kwamba kidole kinafungua nyumba lakini hakifungui kabati?

FUNDI: Andika hivyo, hujakosea. Hata programu ya mikopo ina mlango wake wa ndani, hiki kisomaji hakiufikii.

MZEE: Mnanizungusha. Mimi nina swali moja. Kama kisomaji kingekuwepo siku ile, leo ningemjua mtu wangu?

FUNDI: Inategemea, Mzee.

MZEE: Inategemea nini, mwanangu? Si kidole ni cha mtu mmoja?

FUNDI: Kidole ni cha mtu mmoja, akaunti si ya mtu mmoja. Akaunti moja ya Windows inapokea vidole mpaka kumi, wala haiulizi ni vya nani. Ningeweza kuweka viwili vya Dada, viwili vya karani, viwili vya keshia, vyote chini ya hilo jina lenu. Yeyote akigusa inafunguka, na kwenye kumbukumbu inaandika vilevile: Ofisi ameingia. Kuna duka moja la simenti na mabati niliwawekea hivyo. Walifurahi sana.

KATIBU: Na walipoibiwa?

FUNDI: Hawajaniita bado.

MHASIBU: Basi kinachotakiwa ni akaunti tatu, majina matatu. Shilingi ngapi?

FUNDI: Bure. Nusu saa nimemaliza.

MZEE: Bure! Na mimi kamati imenituma kuja kuidhinisha pesa ya kisomaji!

FUNDI: Mzee, akaunti tatu bila kidole ni vikaratasi vitatu chini ya kibodi. Wiki ya kwanza kila mtu na lake. Wiki ya pili karani amechelewa, anapiga simu, "niingilie kwa jina langu, mteja asisubiri". Mtu atampa mwenzake pasiwadi kwa wema kabisa. Kidole hawezi kukituma kwa simu.

MHASIBU: Hapo umesema neno. Lakini hebu tuirudie ile saa saba na dakika kumi, kwa sababu wote mnaipita haraka. Siku ile niliwasha mashine asubuhi, nikaingia, nikafanya kazi. Saa saba nilitoka kwenda kula bundu kwa mama wa jirani, kama kila siku. Kioo kilikuwa wazi. Karani alikuwepo, keshia alikuwepo, wanachama sita hivi wamekaa kwenye benchi, na vijana wawili walioleta magunia. Aliyefanya alichofanya hakuhitaji pasiwadi, alivuta kiti akakaa. Sasa tuseme asubuhi ile niliingia kwa kidole. Kidole changu cha asubuhi kingekuwa shahidi wa wizi wa mchana. Leo mnaniambia "hatujui ni nani". Siku hiyo mngeniambia "ni wewe, tuna kidole chako".

MZEE: ...

KATIBU: Mzee amenyamaza, siandiki kitu.

FUNDI: Hapo kosa ni la kioo kuachwa wazi. Kuna kitufe cha Windows, ukikibana pamoja na L, inajifunga papo hapo. Au naiamuru ijifunge yenyewe baada ya dakika tatu bila kuguswa.

MHASIBU: Kwa hiyo kidole kinafungua. Nani anafunga?

FUNDI: Unafunga wewe. Na sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo kidole kinapokusaidia wewe, si kamati. Kwa nini hukufunga siku ile? Sitaki kukulaumu, hakuna ofisi ninayoingia nikakuta wanafunga. Ukifunga, ukirudi lazima uandike herufi kumi na mbili. Unainuka kumpokea mtu vocha, unarudi, herufi kumi na mbili. Unakwenda kutafuta faili, herufi kumi na mbili. Mara arobaini kwa siku, nani atafanya? Ingekuwa kugusa tu, ungefunga kila ukiinuka, kama unavyorudishia mlango wa jiko kuku wasiingie.

MHASIBU: Hilo nimelisikia. Lakini bado hujanijibu. Pasiwadi yangu ikitumika vibaya naweza kusimama mbele ya wanachama nikasema imeibwa, na watanielewa, maana kila mtu amewahi kuibiwa kitu. Kidole nitasema nini? Nimeazimwa?

MZEE: Ukiwa huna hatia, kidole kitakusafisha.

MHASIBU: Kitanisafishaje? Japani, mwaka 2002, mtaalamu anaitwa Tsutomu Matsumoto alitengeneza vidole vya jelatini, ileile ya peremende, akavidanganya visomaji vilivyokuwa vinauzwa wakati ule. Mtasema ni zamani. Novemba 2023 watafiti wa Blackwing Intelligence walitoa taarifa kwamba wameingia kwenye kompyuta za Dell, Lenovo na Microsoft wenyewe kwa kuukwepa usomaji wa kidole. Mbili kati ya hizo tatu, kinga iliyobuniwa na Microsoft ilikuwa haijawashwa. Na ile ya Microsoft walichomeka kitu pembeni, kikajifanya ndicho kisomaji.

FUNDI: Ni kweli, nimesoma. Lakini hao walikuwa na maabara na wiki kadhaa. Mwizi wa huku hana maabara, ana subira. Anakungoja uende kula.

MHASIBU: Au ananingoja nyumbani. Pasiwadi lazima niitaje, nikiogopa naweza kuitaja kwa makosa. Kidole hakihitaji hata nifungue mdomo.

MZEE: Unatutisha, binti.

MHASIBU: Siwatishi. Ofisi hii mlinzi wake ni mmoja, na ninakoishi hakuna mlinzi. Kabla hamjaukabidhi mkono wangu ufunguo, mjue unatembea njia gani saa kumi na mbili jioni.

KATIBU: Naomba niulize kama katibu. Hiyo alama ikishachukuliwa inakaa wapi? Wazee wa Kenya hawajasahau kipande. Kuanzia mwaka 1920 hivi mwanaume Mwafrika alivaa karatasi shingoni ndani ya kikebe cha chuma, na kwenye karatasi hiyo alama za vidole, na kila mwajiri akiisoma kama kitabu cha ng'ombe. Harry Thuku na wenzake walipoanza kelele zao dhidi ya wakoloni, kipande kilikuwa mojawapo ya madai.

FUNDI: Swali zuri. Kipande kilikwenda kwa serikali. Hata Ndaga Muntu, kitambulisho chetu cha taifa, vidole vyenu viko kwa wanaokitoa, NIRA, na mkisajili laini ya simu mnathibitishwa huko. Hii siyo hivyo. Windows haitunzi picha ya kidole, inatunza hesabu za mistari, inakopinda na inakokatika, na inazitunza ndani ya boksi lilelile. Haziendi Kampala, haziendi Marekani.

MHASIBU: Na boksi likiharibika linakwenda wapi?

FUNDI: Linakuja kwangu.

MHASIBU: Bwera.

FUNDI: Bwera. Dada, mimi nitafanya nini na hesabu za kidole chako?

MHASIBU: Sijui. Wamarekani nao mwaka 2015 hawakujua. Ofisi ya serikali yao inayotunza mafaili ya wafanyakazi iliibiwa alama za vidole za watu milioni 5.6. Pasiwadi ikiibwa, jioni unabadilisha. Hao watu wamebadilisha nini?

FUNDI: Lakini huko zilikusanywa mahali pamoja, ndiyo hatari yake. Hapa mwizi akibeba boksi anapata hesabu za watu watatu, na hawezi kuzigeuza kirahisi kuwa kidole. Mimi ningeogopa zaidi diski. Haijafungwa kwa siri, mtu akiifungua akaiweka kwenye mashine nyingine anasoma madeni ya wanachama wote bila kidole wala PIN.

MZEE: Hilo nalo hukulisema tangu asubuhi!

FUNDI: Hakuna aliyeniuliza, Mzee. Mliniita kwa ajili ya kidole.

KATIBU: Na sheria? Sheria yetu ya kulinda taarifa binafsi ni ya 2019. Inataka mtu akubali kabla hujachukua taarifa zake. Tena kuna orodha ya taarifa za kulindwa zaidi, zimo dini, siasa, afya, zimo hata habari za fedha. Kidole hakikutajwa kwenye orodha hiyo. Wakenya walipotunga yao mwaka uleule, wao wakakitaja.

MZEE: Basi si kimeruhusiwa?

KATIBU: Kukubali kwa mwenye kidole kumetajwa.

MHASIBU: Na mimi nimekataa. Lakini nikikataa mbele ya mwajiri wangu, huku kuna 640,000 zimepotea, mtu atanisikiaje? Atasema, kama hana neno, kwa nini anaficha mkono? Mnaniomba ridhaa ambayo nikiinyima nimeshahukumiwa.

MZEE: Mimi sijasema hivyo.

MHASIBU: Hujasema, Mzee wangu. Benchi limesema.

FUNDI: Naomba nitoe wazo la kutupatanisha. Tatizo ni kwamba kidole kinaonekana kama mtego wa wafanyakazi. Tukifanya cha wote? Tuweke na wanachama. Mtu akija kutoa akiba anagusa, jina linatokea, hakuna kuuliza Bwambale yupi. Mhasibu anagusa, mwanachama anagusa, wote sawa.

MZEE: Hapana. Wanachama wasiguswe.

MHASIBU: Kwa nini, Mzee?

MZEE: Mwanachama ni mwenye mali. Hawezi kuja kudaiwa ushahidi kwenye nyumba yake mwenyewe. Halafu mnasahau haraka. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano alivushwa kutoka Kongo na Ebola, akafia Hospitali ya Bwera. Miezi ile pale mpakani Mpondwe tulikuwa tunanawa dawa mpaka ngozi inachubuka, hakuna kupeana mikono hata msibani. Sasa watu mia nne wabonyeze kioo kimoja?

FUNDI: Kinafutwa kwa kitambaa, Mzee. Hebu jaribu tu, kiko hapa kwenye laputopu yangu. Kidole gumba. Taratibu.

MZEE: Haya.

FUNDI: Inua. Weka tena. Usikandamize.

MZEE: Imesema nini?

FUNDI: Imesema jaribu tena. Futa kwanza kwenye suruali. Weka. Kile cha pili. Mkono wa kushoto... Mzee, kidole hiki kimekuwa kama kigae.

MZEE: Nimepasua mwamba Kilembe mpaka mgodi uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 80. Tangu hapo ni jembe, kahawa, na kumenya muhogo. Ulitaka kiwe kama cha bwana harusi?

FUNDI: Mistari imekwisha. Na hapa kuna utomvu wa ndizi, umeziba hata iliyobaki.

KATIBU: Yako mambo kama hayo yaliyoandikwa. Mwaka 2021 mashirika matatu yalitoa ripoti juu ya kitambulisho cha taifa hapa Uganda. Ile pesa ya wazee, wakati ule ya waliofikisha miaka 80, shilingi 25,000 kwa mwezi, kuna waliofika kuichukua wakarudi mikono mitupu, wengine kwa sababu mashine haikusoma vidole vyao. Watu waliolima maisha yao yote.

MZEE: Mnaona? Ndicho ninachosema. Wanachama wetu wote wana mikono kama yangu. Wao wabaki na daftari.

MHASIBU: Mzee wangu, kwa heshima yote. Mwenye mikono laini atoe kidole, mwenye mikono migumu aaminiwe kwa daftari na kwa uso. Ndivyo?

MZEE: Wewe unashika pesa za watu.

MHASIBU: Na kamati inaidhinisha mikopo ya watu. Sahihi yako iko kwenye kila mkopo unaozidi milioni moja. Mimi nikiwekwa kwenye mashine kwa sababu nagusa pesa, anayeziruhusu zitoke awekwe wapi?

MZEE: Mimi sahihi yangu inajulikana.

MHASIBU: Inajulikana na nani? Naweza kuiandika nikiwa nimefumba macho, kila siku iko mezani kwangu.

FUNDI: Mzee anaweza kutumia PIN. Kidole kikikataa kuna PIN.

MHASIBU: Haya, basi na mimi nipeni akaunti yangu peke yangu, PIN yangu peke yangu, na hiyo ya kujifunga baada ya dakika tatu. Kikaratasi nakichoma leo mbele yenu. Siku nikimpa mtu namba hiyo, nifukuzeni.

FUNDI: Na siku mtoto akiugua?

MHASIBU: Karani ana akaunti yake, keshia ana yake.

FUNDI: Na wakiwa hawapo wote?

MHASIBU: Ofisi ifungwe.

MZEE: Ifungwe! Mtu ametembea masaa mawili na mgonjwa nyumbani, aambiwe ofisi imefungwa?

MHASIBU: Mzee, wewe ndiye uliyetaka mtu mmoja ajulikane. Mtu mmoja akijulikana, siku hayupo, hayupo.

MZEE: Nitawaambia nini wanachama kuhusu pesa zao?

FUNDI: Ya zamani haitajulikana, Mzee. Hata nikiweka visomaji kumi leo. Ofisi ameshatoroka.

MZEE: Katibu, andika tumeahirisha.

MHASIBU: Usiandike tumeahirisha. Andika nani amekataa kidole, na nani amekataliwa na kidole.

KATIBU: Kwa majina?

MZEE: Si uandike. Mimi unanijua, Bwambale.

FUNDI: Na mimi, kwamba nimeleta kifaa na kukielezea. Kwa ajili ya nauli yangu.

KATIBU: Nawe jina?

FUNDI: Bwambale.